Duka la stempu na sarafu karibu na Mnara wa Saa, Arusha: nyota tatu

Nimepanda basi kutoka Moshi kwa ajili ya stempu moja tu: ya Samoa ya Wajerumani, visiwa vya Bahari ya Pasifiki, yenye meli ya Kaisari wa Ujerumani, Hohenzollern. Picha hiyohiyo ilitumika kwenye stempu za huku kwetu, enzi mji wetu ukiandikwa Moschi, ndiyo maana naipenda.

Kijana wa dukani alinipokea vizuri. "Shikamoo mama, karibu utazame, hakuna haraka." Akanipa kibanio na lenzi bila kuombwa. Bei, shilingi 45,000, nikalipa.

Nyumbani, chini ya taa, moyo ukanishuka. Mhuri unasomeka APIA, mji mkuu wa Samoa, wa mwaka 1915. Lakini New Zealand iliiteka Samoa tarehe 29 Agosti 1914, na stempu za Kijerumani zilizobaki zikachapwa juu yake herufi G.R.I., za Mfalme George wa Uingereza. Hii yangu haina. Nikaigeuza: gundi nzima, inang'aa, haijawahi kugusa bahasha. Baada ya vita stempu mpya za makoloni hayo zilibaki nyingi, na zile za bei kubwa zilizotumika kweli zikawa adimu. Wajanja wakachonga mihuri ya bandia, ili stempu mpya zionekane zimetumika.

Nilirudi. Kijana alisikiliza mpaka mwisho, ila fedha hakurudisha, alinibadilishia kwa stempu nyingine. Hilo limeniuma. Sidhani alijua, lakini anayeuza stempu "iliyotumika" lazima asome tarehe ya mhuri kabla ya kuandika bei.

Sarafu zake za heller, za enzi za Wajerumani huku kwetu, ni safi sana. Hizo nunueni.