Huduma ya wosia kwa wakili mmoja hapa Mwanza: baba alitaka kutoa kiwanja kanisani, haya ndo tuliyoyaona

Naanza na hukumu kabisa, hii ofisi naisifia na mwenye wazazi watu wazima naomba awapeleke, ila jina siliandiki hapa maana kuna mambo nitayalalamikia huko chini na sitaki kumharibia mtu kazi, anayetaka aje inboksi nitamwelekeza. Ipo katikati ya mji upande wa barabara ya Kenyatta, ghorofa ya tatu.

Shida yetu ilikuwa hivi. Baba ana nyumba Pasiansi, kiwanja Buhongwa, mitumbwi ya dagaa na injini zake pale mwalo wa Igombe, na ng'ombe na shamba la ukoo vipo Magu kwa baba mdogo. Kila Krismasi tukikaa pamoja anasema kile kiwanja cha Buhongwa nimempa Mungu, kanisa wajenge chekechea, na hela ya mitumbwi isomeshe yatima wa kijijini kwetu, sote tunaitikia sawa baba, karatasi hamna. Na mnajua maneno ya mzee yanavyogeuka siku ya kuanua matanga, kila mmoja anakuja na alichosikia yeye.

Kilichonifanya nimwamini huyu dada wakili ni kwamba hakukimbilia kuandika. Alimwamkia mzee vizuri, akafunga laptopu, akaanza kuuliza. Una deni wapi, kwenye SACCOS umeandikisha nani kuwa mrithi, kuna mtoto wa nje (aliuliza bila kupepesa macho na baba akajibu), gharama za mazishi zitoke wapi maana hizo na madeni ndo vinalipwa kwanza kabla mtu hajagusa urithi. Halafu akamgeukia mama: na wewe mama, hiki kiwanja mlikipataje? Mama akasema nusu ya hela ilitoka kwenye dagaa zangu za Mwaloni. Hapo wakili akakataa kuandika kama baba alivyotaka. Akaeleza taratibu kwamba Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu hata nyumba ya familia iuzwe au itolewe bila mwenzako kuridhia wakati ndoa ipo, na kwamba Mahakama ya Rufani tangu 1983 ilishasema hata kazi za nyumbani za mke ni mchango kwenye mali, ilikuwa kesi ya talaka ile lakini mzee ajue upepo unaelekea wapi, hivyo baba hawezi kumtolea Mungu kitu cha mama bila mama mwenyewe kusema ndiyo. Baba alinuna kidogo. Mama akasema ndiyo, ila upande wa barabarani ubaki wake ajenge fremu, wa nyuma uende kanisani, na ndivyo ilivyoandikwa. Mimi kwa hilo tu hela yangu ilikuwa imerudi, maana kama ile sadaka ingeenda vilevile alivyotaka baba, mama angebaki ameumia na kanisa lingebaki na kesi.

Kitu kingine ambacho sikuwahi kukisikia popote, mali ya kanisa isiandikwe kwa jina la mchungaji na wala usiandike tu "kanisa la pale Igombe", andika bodi ya wadhamini waliosajiliwa ya dhehebu lenu kwa jina lake kamili kama lilivyo kwenye cheti, hizo bodi zinasajiliwa RITA (wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini), kwa sababu ukiandika jina la mtu basi siku yeye akihama au akifa watoto wake wanaweza kudai kiwanja ni cha baba yao. Tulienda kanisani kuomba hilo jina na katibu akatoa nakala siku hiyohiyo. Kama mnatoa msikitini, shuleni au kwenye kituo cha watoto ni hivyohivyo, ulizeni kwanza nani kisheria anapokea.

Sasa kwenye yatima ndo alinifurahisha zaidi. Baba aliandikisha "mapato ya mitumbwi yalipe ada". Wakili akasema mzee, ada ya shule za serikali ilifutwa 2016 mpaka kidato cha nne na 2022 ikafutwa cha tano na sita, ukiandika ada msimamizi atakaa na hela hajui aifanyie nini huku mtoto hana sare wala pa kulala karibu na shule. Ikaandikwa mahitaji ya shule: sare, madaftari, chakula, hosteli. Na mitumbwi nayo, mbao zinaoza, injini inakufa, ziwa likifungwa hamna kinachoingia, utasomeshaje miaka kumi kwa kitu kama hicho? Ushauri wake ni mtumbwi mmoja na injini yake viuzwe, hela iwekwe sehemu inayozaa, alitoa mfano wa vipande vya UTT (mifuko ya uwekezaji wa pamoja), na watu watatu waangalie matumizi, mmoja wa ukoo, mmoja wa kanisani, mmoja mwalimu. Pia akamwambia baba kwanini usubiri ufe? Anza na watoto wawili Januari hii, uone wewe mwenyewe mpango wako unafanya kazi au haufanyi, utakachokiona ndo tukiandike. Ameanza kweli, na tayari ameona kwamba kumpa mlezi hela mkononi siyo sawa na kwenda mwenyewe kununua viatu.

Kuna hili la sheria ipi itatumika, wadogo zangu wa kike naomba msome kwa makini. Sisi ni Wasukuma na ni Wakristo, kwa hiyo mtu akifa bila wosia kunaweza kutokea mvutano kama zitumike kanuni za mila za 1963 au ile Sheria ya Urithi ya India ya 1865 ambayo mpaka leo ipo. Kwa zile za mila mjane hana fungu kama kuna watoto, anatunzwa na watoto, na binti yupo daraja la mwisho. Kwa ile ya 1865 mjane ana theluthi moja na watoto wote wanagawana theluthi mbili sawa kwa sawa. Tofauti ni kubwa kiasi hicho! Baba aliposikia akasema andika majina ya mabinti zangu wote, na shamba la Magu nao wamo. Baba mdogo angeweza kusema shamba la ukoo halishikwi na mwanamke, lakini wakili alitukumbusha hukumu ya Jaji Mwalusanya, Mahakama Kuu hapahapa Mwanza, 1990, kesi ya Holaria Pastory wa kule Kagera, aliachiwa shamba la ukoo na baba yake kwa wosia, akaliuza, ndugu wakaenda mahakamani, jaji akasema mwanamke ana haki kama mwanaume kwa sababu Katiba inakataza ubaguzi. Nilitamani kila mama wa mwaloni aijue hii.

Jirani yetu Muislamu tulienda naye, yeye alijibiwa kwa kifupi kwamba wosia wake usizidi theluthi moja na usimwongezee mrithi, na kama anataka nyumba iwe wakfu wa madrasa basi afanye akiwa hai na azungumze na shehe na Bakwata kwanza. Hakumtoza kitu kwa hayo maneno.

Malalamiko yangu. Rasimu ya kwanza ilikuja kwa Kiingereza, mzee wa miaka sabini na kitu anasainije kitu asichokisoma, wakati hata lugha ya mahakama ni Kiswahili tangu sheria ilipobadilishwa 2021? Tulilalamika wakaiandika upya, lakini isingefaa kusubiri tulalamike. Ngazi pia, hamna lifti, baba ana goti, wangeweza kushuka kumsikiliza chini. Na bei, tulilipa laki nne tukijua imeisha, halafu wanasema kila marekebisho ya baadaye yanalipiwa, hilo semeni mwanzo kabisa. Asiye na hiyo hela asikate tamaa, sheria haimlazimishi mtu kuwa na wakili, na RITA wenyewe wanaandika wosia na kuutunza. Wa baba nakala moja tumeipeleka huko, nyingine ipo kwa wakili.

Mkienda nendeni asubuhi, bebeni hati au karatasi za mauziano za kila kiwanja, cheti cha ndoa, vitambulisho, na mashahidi wasiwe watu wanaopewa kitu kwenye wosia wala wake zao au waume zao, sisi shahidi wetu mmoja alirudishwa kwa sababu hiyo ikabidi tumpigie simu mzee wa mtaa aje, na shahidi wa upande wa ukoo akawa shangazi.