Uzoefu wangu: injini mpya safi, soketi za ziada zimefungwa kihuni

Naanza na nyota mbili, ila nikikumbuka lile jibu la fundi naona zimezidi. Kazi ilikuwa Toyota Mark II GX100: inatoka injini ya 1G-FE na gia boksi ya otomatiki, inaingia 1JZ-GTE yenye turbo na gia boksi ya manyuo, ya kubadili gia kwa mkono. Gereji ni ya hapa hapa Dar, jina silitaji. Injini imekaa, maunti (vishikizo vya injini) zimenyooka, hakuna mtetemo, wala sina neno kwenye upande wa spana. Neno langu ni la waya, na hasa zile soketi zinazobaki hazina pa kwenda.

Katika kazi ya namna hii hubaki soketi nyingi: ya solenoidi za gia boksi ya otomatiki, ya swichi ya nyutro, ya vali ya umeme ya buusti (msukumo wa hewa wa turbo) kama umefunga kidhibiti cha mkono, na ya vali ya kanista, lile kopo la kunasa mvuke wa petroli, kama kanista imetolewa. Fundi wangu alikata vichwa vya soketi kwa plaizi, akasokota ncha pamoja na kuzungushia ile tepu nyeusi ya plastiki ya dukani, kisha akalaza kitita chote juu ya bomba la oili la turbo. Juu ya turbo, jamani!

Ile tepu gundi yake haivumilii joto. Karibu na turbo gundi inayeyuka na kuwa ute, tepu inateleza kama soksi iliyolegea, na shaba inabaki wazi. Sasa hapo ndipo wengi wanapokosea, wanadhani waya usiotumika hauna umeme. Kwenye Toyota za kizazi hicho vali ya buusti ina waya mbili: mmoja unaleta volti 12 kutoka rilei kuu ya EFI (mfumo wa kupulizia mafuta) kila ufunguo ukiwa ON, mwingine unakwenda kwenye kontroboksi, yaani kompyuta ya injini, ambayo ndiyo inayoufunga kwenye hasi. Ule wa volti 12 ukigusa bodi ya gari, ambayo nayo ni hasi, fyuzi ya EFI inaondoka, na pamoja nayo umeme wa kontroboksi. Injini inazima kimya, iwe uko foleni au uko kwenye mteremko. Ndivyo lilivyozima hili. Kwenye bati kulikuwa na doa jeusi la mviringo, dogo kuliko punje ya mtama, na fyuzi iliyokatika katikati. Ukiweka fyuzi nyingine bila kutafuta sababu, nayo inakwenda. Na akitokea mtu wa kukuwekea fyuzi kubwa zaidi, mkimbie, maana kitakachoungua safari ijayo ni waya wenyewe.

Niliporudisha gari, jibu lilikuwa: «Bosi, si linawaka? Hizo waya hazina kazi.» Hapo nyota moja ikaondoka.

Kazi yenyewe ilivyotakiwa haina uchawi. Ondoa hasi ya betri, kisha bandika lebo kila soketi kabla ya kugusa chochote, kwa tepu ya karatasi na kalamu. Rudisha betri, weka ufunguo ON, na upime kila pini dhidi ya bodi kwa mita: ipi ina 12, ipi ina 5, ipi haina kitu. Yenye 12 ndiyo ya kuogopa. Yenye 5 ni ya sensa. Ukiigusisha bodi, sensa nyingine zinazokula kwenye njia hiyo hiyo zinavurugika na taa ya cheki injini inawaka bila sababu ya kueleweka.

Soketi usiikate. Njia nzuri kuliko zote ni kutafuta upande wake wa pili kwenye spea za mtumba, Ilala au Gerezani, mtu akukatie kichwa kitupu kisicho na waya. Paka grisi ya silikoni ndani, bana mpaka ilie «ta», kisha ifunge kwenye kitita, soketi ikielekea chini ili maji yasikae. Ukikosa, toa pini moja moja: fungua kwanza kile kifungo cha pili cha plastiki kilichopo kwenye soketi, bonyeza ulimi wa pini kwa bisibisi ya saa, vuta waya taratibu. Kila waya uvishe peke yake mpira unaosinyaa kwa joto, ule wenye gundi ndani, upite ncha kwa sentimita moja hivi na ubanwe ukiwa bado wa moto. Ncha zisilingane urefu, ziachane kama sentimita 2, ili hata mpira ukichanika zisigusane. Zikunje nyuma, juu zungushia tepu ya kitambaa ya magari, na uzipitishe upande wa feni ya AC au ukutani, mbali na ekzosi.

Solenoidi za otomatiki zina hatari yake. Zenyewe hupata hasi kupitia mwili wa gia boksi, na kontroboksi ndiyo inayotuma volti 12. Ukibaki na kontroboksi ya otomatiki, gari likiwa limesimama bado inatuma umeme kwenye solenoidi ya kwanza. Kwa kawaida inakutana na omu 11 hadi 15 za koili. Ikikutana na bati, haina cha kuizuia, na kinachoungua ni kontroboksi. Waya huo ukiwa uchi ni hasara ya injini nzima kusimama.

Nikae sawa na haki: swichi ya nyutro waliifanya vizuri. Zile waya mbili nene za stata zimeunganishwa kwa kubanwa na kuvishwa mpira, za taa ya rivasi zimehamishiwa kwenye swichi ya gia boksi mpya, na gari linawaka kila ukigeuza ufunguo. Kwa hiyo wanajua! Mpira wenye gundi ulikuwepo pale gerejini, ukatumika kwenye waya mbili tu. Hilo linaniudhi kuliko kama wangekuwa hawajui kabisa. Basi nyota mbili zirudi, za maunti na stata. Ukienda pale kwa injini, nenda. Waya wafanye wengine, au simama hapo hapo na mita mkononi, na usilipie salio mpaka kila soketi iliyobaki uonyeshwe ilipo na ilivyofungwa.