PostgreSQL na kuchuja kwa muda: iko fiti ila ina masharti

Kama una jedwali lenye mamilioni ya rekodi, malogi, miamala, vitu kama hivyo, PostgreSQL, ile programu ya hifadhidata (database), kwenye kuchuja kwa muda iko fiti sana, ila ina masharti kama ya mganga na haikwambii mpaka uulize.

Kubwa kuliko yote, kolamu yenye indeksi (orodha ya pembeni ya kutafutia rekodi haraka) iache uchi. Wengi wanaandika WHERE date(muda) = '2025-03-01', muda ikiwa ni kolamu ya tarehe na saa, halafu wanashangaa kweri (lile ombi la data) inatambaa, ndo ujue umeshaifunika kolamu na fankisheni, ile indeksi ya kawaida ya muda haitumiki tena, jedwali zima linasomwa. Andika muda >= '2025-03-01' AND muda < '2025-03-02' uone, jibu lilelile ila inaenda moja kwa moja kwenye siku hiyo. BETWEEN kwa mambo ya saa mi siipendi, inachukua ncha zote mbili, so ukiweka tarehe 1 hadi 2 unazoa na rekodi ya saa sita kamili usiku ya kuanza tarehe 2, ripoti inazidi kidogo mnaanza kutafuta mchawi.

Indeksi ya kolamu mbili, ile ya kulinganisha kwa = itangulie, muda ufuate, yaani (mteja_id, muda). Ukigeuza, inapitia wateja wote wa mwezi huo ndo ikuokotee wako mmoja.

Kilichonikosha zaidi ni BRIN, aina nyingine ya indeksi, ipo tangu toleo la 9.5. Haiorodheshi kila rekodi, inaweka tu muda wa chini kabisa na wa juu kabisa kwa kila kundi la kurasa (vipande vya jedwali kwenye diski), kwa kawaida 128, basi indeksi inakuwa kadogo mno hata jedwali likiwa jitu. Ila inalipa pale tu rekodi zimelala kwenye diski kwa mpangilio wa muda, kama unaapdeti za zamani kila mara zinachanganyika na faida inayeyuka, baki na B-tree, ile indeksi ya kawaida.

Ukiomba miezi kumi kati ya kumi na mbili PostgreSQL kwa kawaida itaitupa indeksi isome jedwali zima, na kusema ukweli hapo iko sahihi. Seq Scan (yaani kusoma jedwali zima) kwenye EXPLAIN ANALYZE, ile amri ya kuonyesha kweri imeendeshwaje, ukiwa umeomba siku moja tu ndo ya kuhoji. Na angalieni jamani, hiyo ANALYZE inaiendesha kweri kwelikweli, ukiweka DELETE imefuta hiyo.

Nyota nne. Ya tano naibania maana ukiifunika kolamu hakuna onyo lolote, inakuacha usubiri tu.