Seti ya mimea inayokula wadudu: mimea safi sana, karatasi ya maelekezo ndo tatizo

Nina miezi mitano na hii seti kwahiyo naongea kitu nilichokiona. Ni mimea mitatu, dionea (ule mtego wa nzi), drosera na nepenthesi, kila mmoja kwenye kikopo chake, nilinunua mtandaoni na ilifika mizima kabisa, hapo muuzaji nampa nyota zote.

Sasa dionea jamani!! Mtego wake ni jani lenye pande mbili zinazojifunga kama kitabu, na kila upande una vinywele vitatu hivi, vyembamba mno, usipoinama huvioni. Asubuhi moja nilikaa nikimwangalia nzi anatembea humo ndani analamba ule utamu, akagusa kinywele kimoja, kimya, nikajua kapona, akasogea kidogo akagusa tena, pap! umeshafunga, sikuona hata ulivyofunga maana inachukua kama sehemu moja ya kumi ya sekunde. Yaani mmea unahesabu. Mguso wa kwanza unaukariri tu, wa pili ukija ndani ya sekunde 20 hivi ndo unafunga, kwahiyo tone moja la mvua haliudanganyi. Na nzi anavyozidi kufurukuta ndani anazidi kugusa vile vinywele, hapo ndo mmea unapata uhakika na kuanza kumwaga vimeng'enya vya kumyeyusha. Siku ya kumi mtego ukafunguka, limebaki ganda na mabawa tu.

Drosera haina haraka, yale matone yanayong'aa kama umande ni gundi, kijidudu kikitua kimenasa halafu vile vinyweleo vinakiinamia taratibu mpaka kinafunikwa. Nepenthesi ina vibuyu vyenye mdomo unaoteleza, mdudu anatumbukia kwenye maji basi.

Kilichoniuma ni karatasi ya maelekezo. Inasema maji ya bomba, na mbolea kila mwezi. Mimea hii inakula wadudu kwa sababu udongo wa kwao hauna rutuba, dionea asili yake ni maeneo chepechepe ya North Carolina na South Carolina kule Marekani, nitrojeni (kirutubisho cha kukuzia majani) inaipata zaidi kwa nzi kuliko kwenye mizizi. Ukiiwekea mbolea unaiunguza, na chumvi za maji ya bomba zinarundikana kwenye kikopo. Nilifuata ile karatasi mwezi mzima, drosera ikaanza kuwa nyeusi kuanzia katikati ikafa, inaniuma mpaka leo maana ilikuwa nzuri sana. Nilivyohamia maji ya mvua dionea ikarudi kutoa majani mapya, saivi naiweka juani kikopo kikiwa kwenye sahani ya maji.

Kingine ambacho hawajaandika, dionea inahitaji kupumzika miezi ya baridi, ikinywea msiitupe. Na msichokoze mitego kwa kidole, mtego mmoja unafunga mara chache tu katika maisha yake halafu unakufa, kila ukiufunga bure umeunyima mlo.

Mimea 5/5, karatasi 1/5. Drosera nyingine nimeshaagiza.