Dreja ndogo ya inchi 3 kwenye dimbwi, Chunya: uzoefu wangu wa maji na mvuto

Mashine ninayoizungumzia ni dreja, yaani mashine ya kufyonza changarawe na maji ili kunasa dhahabu. Ni ya mpira wa inchi 3, inaelea juu ya tyubu, ina pampu ya petroli ya nguvu farasi 6.5 na mwalo wa bati (mfereji wa kunasia dhahabu) wenye upana wa sentimita 40 na urefu wa mita 1.5. Naitumia kwenye dimbwi lililochimbwa ndani ya leseni ndogo ya uchimbaji upande wa Lupa, si mtoni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 za kingo za mto, na hata hivyo mito yetu mingi kiangazi hubaki mchanga mtupu. Kwa hiyo haya yote yanahusu maji yanayozunguka, yanayotumika na kurudi tena.

Injini ni imara na pampu ni nzuri. Tatizo ni kwamba dreja hii, jinsi inavyotoka dukani, haivuti inavyopaswa, na wengi hukimbilia kutafuta injini kubwa zaidi wakati kasoro iko kwenye njia ya maji.

Tuanze na kibandiko cha pampu. Kimeandikwa mita za ujazo 60 kwa saa na msukumo wa mita 28, yaani kimo ambacho pampu inaweza kusukuma maji. Namba hizo mbili hazipatikani kwa wakati mmoja. Ile 60 hupatikana maji yakitoka bila kizuizi chochote, na ile 28 hupatikana tundu la kutokea likiwa limefungwa kabisa. Dreja inafanya kazi katikati, na kinachoamua iwe wapi ni tundu la nozo inayopiga maji ndani ya bomba la kufyonzea. Iliyokuja na mashine ina tundu la milimita 32. Kwa pampu hii hiyo ni kubwa mno: presha inashuka hadi kama bar 1.2 (bar moja ni sawa na msukumo wa mita 10 hivi). Nozo ya milimita 25 inaipa pampu nafasi ya kufanya kazi karibu na bar 1.9, maji yakitoka kwa kasi ya takriban mita 19 kwa sekunde, lita 9 na nusu kila sekunde. Ukizidi kubana, tuseme milimita 18, presha inapanda lakini maji yanakuwa machache na mvuto unapungua tena. Kati ya 24 na 26 ndipo mahali pake. Mwenye pampu ya inchi 2 aanzie 18.

Namna ya kupima ni rahisi. Itoe nozo kwenye bomba la kufyonzea, ielekeze kwenye pipa la lita 200, injini ikiwa kasi kamili. Kwa nozo ya 25, pipa lijae ndani ya sekunde 21 hadi 23. Likichukua 30, kuna kitu kinakula maji njiani. Weka pia geji ya presha ya bar 4 karibu na nozo. Hakuna kifaa cha bei ndogo kinachokusaidia kuliko hicho. Funga koki ya delivari (upande maji yanakotokea kwenye pampu) kwa muda mfupi: geji isome karibu 2.8. Ikisoma 2.2, ama impela (gurudumu la ndani ya pampu linalosukuma maji) imelika ama injini haifiki mizunguko 3,600. Hapo kwenye mizunguko pasidharauliwe. Presha ya pampu hufuata mraba wa mizunguko, kwa hiyo kupunguza akselereta kutoka 3,600 hadi 3,200 ili kuokoa mafuta kunakunyang'anya sehemu moja ya tano ya presha.

Mpira wa delivari uliokuja na mashine ni wa inchi 2, wa kulala bapa. Ubadilishe. Kwa lita 9 na nusu kwa sekunde, inchi 2 inapoteza karibu nusu mita ya msukumo kwa kila mita ya mpira, na ukijikunja ndiyo basi. Inchi 3 inapoteza mara saba chini ya hapo. Punguza kipenyo kwenda kwenye nozo mwishoni kabisa, kwa koni na si kwa kipunguzi cha ghafla.

Kisha kuna urefu wa nchi yetu, ambao kibandiko hakiujui. Chunya mjini ni karibu mita 1,500 juu ya bahari. Injini ya petroli hupoteza takriban asilimia 3.5 ya nguvu kwa kila mita 300, kwa hiyo farasi 6.5 inabaki kama 5.4. Dalili ni plagi nyeusi na moshi. Fundi wa kabureta aweke jeti (kitundu cha kupitishia petroli) ndogo ya nyanda za juu. Na hewa nyepesi hupunguza uwezo wa pampu kuvuta maji: pale kibandiko kinaposema mita 7, mimi nisingeiweka pampu zaidi ya mita moja juu ya maji.

Hewa ndiyo mwizi mkubwa kuliko wote. Maungio ya upande wa kuvuta yakivujisha, huoni tone la maji, kwa sababu pale hewa inaingia, maji hayatoki. Unachoona ni mapovu kwenye kichwa cha mwalo wakati mdomo wa mpira uko chini ya maji kabisa. Zima injini, jaza mpira wa kuvuta maji, uuinue, tazama patakapotona. Tumia klipu mbili kila ungio, zikiangaliana, na gasketi ya mpira wa tyubu pale ambapo ya kiwandani imekauka. Futi valvu, ile valvu ya mwisho wa mpira wa kuvuta maji, ikae angalau sentimita 40 chini ya uso wa maji, la sivyo maji yanazunguka kama faneli na kuvuta hewa. Isiguse chini. Mimi naiweka ndani ya ndoo ya lita 20 iliyotobolewa matundu ya milimita 5 pande zote. Jumla ya matundu iwe mara nne ya eneo la mpira au zaidi. Usiwashe pampu kavu, sili inaungua upesi.

Kwenye bomba la kufyonzea, angalia nozo imeelekezwa wapi. Maji yapige katikati ya bomba. Yakipiga ukuta, bomba linalika upande mmoja na mvuto unakufa. Baada ya nozo, bomba liende moja kwa moja kwa urefu wa mara sita au saba ya kipenyo chake kabla ya kona yoyote. Kina cha dimbwi hakisumbui sana, maana maji ya ndani na ya nje ya mpira yanasawazishana. Kinachogharimu ni kimo cha kichwa cha mwalo juu ya maji. Kila sentimita 30 unayopandisha inaonekana wazi kwenye mvuto. Shusha mwalo kadiri marudio, yaani mchanga unaotoka mwisho wa mwalo, yanavyokuruhusu.

Mdomo wa mpira uwe na pete ya milimita 60 hadi 63, ili jiwe linaloingia lipite kote. Bila pete, jiwe lenye ukubwa karibu na wa mpira litakwama kwenye nozo. Likikwama, ziba kwa muda mdomo wa kutokea: maji ya nozo yatarudi nyuma na kulisukuma. Usiujaze mpira mchanga. Sehemu moja kwa kumi ya kinachopita inatosha.

Mwaloni, mteremko wa sentimita 6 hadi 8 kwa mita. Vizuizi, yaani vile vijiti vya kukingama vinavyonasa dhahabu juu ya kapeti, vikifunikwa na mchanga bapa, ongeza mteremko kidogo. Vikibaki vitupu hadi kapeti inaonekana, punguza. Chekeche ya milimita 12 juu inasaidia sana dhahabu ya unga. Osha marudio kwenye karai mara kwa mara, ndiyo njia pekee ya kujua unachopoteza.

Maji ya kuzunguka yana gharama yake. Tope likizidi, dhahabu nyembamba inachelewa kuzama na nozo inalika. Ikitoka 25 ikafika 28, eneo limeongezeka kwa robo nzima na geji itakuambia. Pima kwa kalipa, na fundi akuchongee ya akiba. Mimi natumia madimbwi mawili, la kutulia na la kuvutia, yenye kingo zisizoruhusu tope kuelekea mtoni.

Mafuta ni lita moja na nusu hadi mbili kwa saa. Kwa changarawe iliyolegea ningeinunua tena, pamoja na geji, mpira wa inchi 3 na nozo tatu. Kwa udongo wa mfinyanzi sishauri: madonge hupita mwaloni yakiwa mazima na kubeba dhahabu kwenda nayo, na hakuna nozo itakayorekebisha hilo.