Kituo cha wanafunzi wasio na makaratasi, kwa macho ya Mkenya

Waswahili wengi tulioko California hatujui kwamba karibu kila chuo cha umma katika jimbo hili kina mtu ambaye kazi yake ni kuwahudumia wanafunzi wasio na makaratasi, yaani kibali cha kuishi Marekani. Si fadhila ya mkuu wa chuo. Ni sheria, AB 1645 ya mwaka 2019, iliyovitaka vyuo vya jamii (community colleges, vya miaka miwili) na vyuo vikuu vya mfumo wa California State viteue mtu huyo. Kuna chuo kilichompa dawati moja pembeni mwa ofisi ya basari, na kuna kilichojenga kituo kizima chenye mshauri, wakili na friji. Nimehudumiwa katika vyuo viwili kusini mwa California: kwanza chuo cha jamii, halafu chuo kikuu nilichohamia kumalizia shahada. Sitavitaja kwa majina, na langu pia mtanisamehe.

Maksi zangu nizitoe mapema: chuo cha jamii nne kati ya tano, chuo kikuu tatu, ingawa cha pili ndicho chenye kituo kikubwa, kizuri, na kochi la kulala.

Mimi ni mtoto wa Mombasa. Nililetwa hapa 2016 nikiwa na miaka kumi na mitatu, kwa viza ya matembezi. Viza ikaisha, sisi tukabaki. Nyumbani kwetu mambo ya makaratasi hayavuki kizingiti. Mamangu huwahofia Wakenya wenzetu kuliko polisi, maana polisi hana wa kumpigia simu Kisauni. Kwa hivyo kuingia ofisi yenye bango linalotangaza wazi kuwa ni ya wasio na makaratasi halikuwa jambo dogo. Bango hilo, kwa maoni yangu, ndilo kasoro ya kwanza. Wenzangu wa Kimeksiko walikuwa wakiingia wakicheka. Mimi nilikuwa nikizunguka jengo kwanza nione nani yuko nje.

Halafu kuna suala la sura. Nilipouliza mapokezi ya usajili kuhusu karo, nilielekezwa jengo la wanafunzi wa kimataifa bila hata kuulizwa swali. Mwafrika mwenye lafudhi, basi huyo ana viza ya masomo. Kule nako wakanidai I-20, fomu ambayo chuo humpa anayeombea viza ya masomo, ambayo sikuwa nayo wala nisingeweza kuipata, na wakanionyesha karo ya mtu wa nje. Kwa hesabu ya wakati ule, mkaazi wa California hulipa dola 46 kwa kila yuniti (kipimo cha masomo) katika chuo cha jamii. Asiye mkaazi hulipa zaidi ya 300 katika vyuo vingi. Muhula wa yuniti 15 ni dola 690 kwa huyu, na 4,500 na ushei kwa yule. Kuna watoto wa Kiafrika walioishia kwenye dirisha hilo, wakarudi nyumbani kuwaambia wazazi kwamba chuo hakiwezekani.

Mshauri wa kituo, mama wa Kisalvador wa makamo, aliyamaliza mambo hayo kwa karatasi moja. Sheria ya AB 540 ya 2001 inasema ukisoma miaka mitatu shule ya upili California na kuhitimu, unalipa karo ya mkaazi hata kama huna makaratasi. Unajaza hati ya kiapo, unaambatanisha rekodi zako za shule, basi. Sheria hiyo imepanuliwa mara kadhaa, na tangu 2017 miaka ya elimu ya watu wazima na ya chuo cha jamii pia huweza kuhesabiwa. Hili liwafikie walioletwa wakiwa wakubwa kidogo na kukosa miaka mitatu ya sekondari. Mwenye viza hai ya matembezi au ya masomo hafai kwa AB 540, lakini ambaye viza yake ilishakufa anafaa. Ndiyo, inachekesha. Mshauri mwenyewe alicheka alipokuwa akinieleza.

Baada ya hapo akanifungulia ombi la California Dream Act. Sisi hatuwezi kujaza FAFSA kuomba msaada wa serikali kuu, hivyo jimbo lina fomu yake tangu sheria za 2011, na mwisho wa kuituma kwa misaada mingi ni tarehe 2 Machi. Haidai namba ya Social Security (namba ya utambulisho ya serikali kuu), na majibu huenda kwa tume ya jimbo ya misaada ya wanafunzi, si kwa serikali kuu. Kupitia fomu hiyo nilisamehewa hata zile dola 46 za kila yuniti. Huduma hapa sina la kulalamikia. Alikaa nami hadi ukurasa wa mwisho, akampigia mamangu simu kumuuliza kuhusu mapato, na mamangu alipokataa kujibu hakumlazimisha. Alisema tu, "Mwambie mama nitapiga tena kesho." Akapiga kweli.

Jambo jingine alilofanya, ambalo nisingelijua maisha yangu yote: sheria ya faragha ya rekodi za wanafunzi, FERPA ya 1974, inakataza chuo kutoa rekodi zako ovyo, lakini jina, anwani na mambo kama hayo vinaweza kuhesabiwa kuwa taarifa za kawaida na kutolewa, isipokuwa mwenyewe umezuia. Kuna fomu ya kuzuia. Akanipa, nikasaini pale pale.

Sasa wakili. Kama ningeambiwa nichague kitu kimoja tu katika huduma hizi zote, ningechukua nusu saa ya wakili na kuwaachia wengine kochi, peremende na fulana. Katika vyuo vya jamii wakili hulipwa kwa fedha za jimbo, wewe hutoi senti, na mkutano huwa kwa video. Nilikwenda nikiwa na swali moja la kijinga nililobebeshwa na mtaa: je, DACA? Kila Mkenya ukimwambia huna makaratasi atakuuliza kwani huna DACA. DACA, mpango wa serikali kuu wa kuwakinga kwa muda walioletwa wakiwa watoto wasifukuzwe nchini, ilitangazwa Juni 2012 na inataka uwe umeishi Marekani mfululizo tangu tarehe 15 Juni 2007. Tarehe hiyo mimi nilikuwa chekechea Mombasa nikifundishwa a-e-i-o-u. Na hata wanaotimiza masharti, maombi mapya yamekwama mahakamani tangu 2021. Wakili alilimaliza hilo kwa dakika mbili, kisha akauliza kitu ambacho semina zote za kituo hazikuwahi kukigusa: "Uliingiaje?"

Semina zile zimejengwa juu ya hadithi ya mpaka. Jangwa, mto, kuvuka usiku. Sisi tulishuka Los Angeles kwa ndege, tukagongewa muhuri, tukakaribishwa. Tofauti hiyo kisheria ni kubwa mno. Aliyeingia kwa kukaguliwa, hata kama amepitiliza muda, anaweza kuomba ukaazi wa kudumu (green card) bila kutoka nchini iwapo ana jamaa wa karibu aliye raia: mume au mke, au mtoto aliyefikisha miaka 21. Aliyevuka bila kukaguliwa kwa kawaida hana njia hiyo. Ushahidi wa kukaguliwa ni rekodi ya I-94, na kwa waliokuja kwa ndege miaka ya karibuni hutolewa mtandaoni. Wakili akanitafutia yangu tukiwa bado kwenye simu, na ya mamangu vilevile. Mdogo wangu alizaliwa hapa. Siku akifikisha 21, mamangu ana mlango. Mimi kwa mdogo wangu sina mlango wa aina hiyo, na wakili hakunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa: kwa sasa, alisema, sioni njia yako.

Akanieleza pia kuhusu siku za kukaa bila kibali, kwamba zinaanza kuhesabiwa ukishatimiza miaka 18, na ukipitisha mwaka mmoja kisha ukatoka nchini, unafungiwa miaka 10. Nilikuwa nimeshapitisha. Wale wanaotuambia "si urudi tu Kenya uombe upya" wajue hivyo.

Na kuna ajenti. Jamaa mmoja wa nyumbani alikuwa amemwambia mamangu kwamba atamjazia ombi la ukimbizi, mambo yote atayapanga, na alikuwa ameshachukua malipo ya kwanza. Wakili alipouliza kama jamaa huyo ni wakili, mamangu alinyamaza. Ombi la hifadhi linatakiwa ndani ya mwaka mmoja tangu kuingia, isipokuwa una sababu maalumu, na likikataliwa nawe huna kibali chochote, faili lako hupelekwa kwa jaji wa uhamiaji. Yaani tungelipa mtu atupeleke mahakamani. Pesa hatukurudishiwa.

Nilichokikuta chuo kikuu ni kitu kingine kabisa. Kituo kina vipepeo ukutani, printa ya bure, kompyuta za kuazima, mkate mtamu wa Kimeksiko siku za mikutano, na wafanyakazi vijana wanaobadilika kila mwaka. Kila anayekuja mpya hunipokea kwa Kihispania au hudhani nimepotea njia. Na kila hafla lazima mtu asimame asimulie safari yake, apigwe picha. Wanapenda machozi pale. Mimi nimelelewa kwamba aibu ya nyumba haianikwi uani, na sidhani hilo ni ugonjwa wa kutibiwa. Nilipokataa kusimulia, niliandikiwa barua pepe ndefu kuhusu uponyaji.

Lakini kikundi cha ushauri nasaha nikisifu. Bibi alipofariki Mombasa, mamangu alifuatilia mazishi kwa simu, na mimi nilikuwa na mtihani. Walionielewa kwenye kikundi walikuwa Mkorea na Mfilipino, watoto wa viza zilizoisha kama mimi. Tangu hapo tunakula chakula cha mchana pamoja, nje ya kituo.

Upande wa kazi, msitarajie makubwa. Sheria ya 1986 inamkataza mwajiri kumwajiri asiye na kibali, na vyuo vimekataa kujaribu bahati. Januari 2024 bodi ya Chuo Kikuu cha California iliahirisha mpango wa kuwaajiri wanafunzi kama sisi, na Septemba mwaka huohuo gavana Newsom akapiga kura ya turufu muswada uliokuwa na lengo hilo. Kinachotolewa vituoni ni ufadhili wa mradi, ambao huhesabiwa kama basari, si mshahara. Mimi niliupata kwa kuandaa mwongozo wa Kiswahili wa fomu za Dream Act kwa ajili ya wazazi. Dada zangu wanaosomea uuguzi, ambao ni nusu ya Wakenya wa hapa, waulize mapema: sheria ya California ya 2014 hairuhusu kunyimwa leseni kwa sababu ya hali yako ya uhamiaji, ila leseni haikupi kibali cha kazi. Mshauri wa chuo kikuu alinichanganyia mambo hayo mawili, na mshauri ambaye hajui tofauti hiyo anaweza kumpotezea mtu miaka.

Mambo yamekaza tangu Januari 2025, serikali kuu ilipofuta mwongozo uliokuwa ukiwazuia maafisa wa uhamiaji kufanya operesheni zao shuleni, makanisani na hospitalini. Vituo vyote viwili viligawa kadi nyekundu zinazoeleza haki zako mbele ya maafisa wa uhamiaji, na kufundisha kutofautisha hati ya kukamata au kupekua iliyosainiwa na jaji na ile ambayo idara ya uhamiaji hujisainia yenyewe. Mafunzo mazuri, mafupi, bila kulia. Juni mwaka huo Texas, jimbo la kwanza kupitisha sheria ya karo nafuu kwa wanafunzi kama sisi mnamo 2001, ilipoteza sheria hiyo mahakamani. Nina jamaa Houston anayenipigia kuuliza kama ahamie huku. Namwambia amuulize wakili, asiniulize mimi.

Kwa mwenye mtoto aliye raia anayeogopa kujaza FAFSA kwa sababu wazazi hawana makaratasi: California sasa inawaruhusu watoto wa familia hizo kujaza fomu ya Dream Act badala yake. Atakosa msaada wa serikali kuu, lakini wa jimbo atapata.

Ukienda, chukua rekodi za shule ya upili, cheti cha kuzaliwa, na pasipoti ile ya zamani yenye muhuri wa kuingilia, hata kama imeisha muda. Omba wakili siku hiyohiyo ya kwanza, hata kabla ya kuuliza karo, na weka miadi mwezi wa Agosti. Kufikia Oktoba nafasi huwa zimejaa hadi baada ya Krismasi. Na kama bango la mlangoni linakukwaza, ofisi zote mbili hupokea kwa simu. Sema tu unataka mtu wa AB 540, hawatakuuliza zaidi.