Seti ya Mani Ratnam: nyota mbili, na zote ni za Nayakan

Nimenunua seti ya diski za filamu za Mani Ratnam, mwongozaji wa India. Tuanze na diski ya Roja, maana ndiyo iliyonipandisha presha.

Kasha limeandikwa Kitamili, lugha ya kusini mwa India. Ukiiweka, watu wote wanaongea Kihindi. Bonyeza kitufe cha sauti kwenye rimoti mpaka kidole kiume, lugha ya pili hakuna. Mtu atasema filamu za kuingizwa sauti tumezizoea. Sawa, nyingine zinavumilika. Kwa Roja (1992) huko ni kung'oa injini. Binti wa kijijini, kusini kabisa mwa India, anafika Kashmir, mumewe anatekwa na wapiganaji, naye Kihindi hakijui. Analia mbele ya askari, hawamwelewi. Mpaka apatikane wa kumkalimania. Hofu yote ya filamu imo humo. Mpe Kihindi cha kunyooka, anabaki mwanamke anayewapigia kelele watu wanaomsikia vizuri.

Halafu maandishi ya chini yametafsiriwa kutoka Kitamili! Mdomo unatiririka Kihindi, chini yanasomeka kwamba hajui Kihindi. Tena yanakuja kwa kuchelewa: yamepangwa kwa picha 24 kwa sekunde, diski inakwenda 25. Filamu ya dakika 137 inaishia kwenye 131 na nusu. Ukifika saa moja, maandishi yako nyuma dakika mbili na nusu, na pengo linazidi kupanuka. Ndiyo maana kuyasogeza kwa vitufe vya G na H kwenye VLC, programu ya kuchezea video, ni kazi bure. Umeweka sawa tukio hili, lijalo limeshapishana. Hata muziki wa A. R. Rahman, ambao ndio uliompa jina, kwa kukimbizwa huko unasikika mwembamba kuliko ulivyorekodiwa.

Muuzaji alipoulizwa, jibu lake: "Filamu ya Kihindi, sauti ya Kihindi, sasa tatizo nini bosi?"

Haya. Kosa jingine ni la lugha yetu, kila cha India tunakiita Kihindi. Lakini wewe unauza seti ya Mani Ratnam! Jina lake limejengwa Madras, kusini mwa India, kwa Kitamili. Ya kwanza aliyoitengeneza kwa Kihindi chenyewe ni Dil Se, 1998, ile ya ngoma juu ya treni, miaka 15 baada ya kuanza kuongoza.

Nayakan (1987), nikiri, ni safi. Kitamili chenyewe, maandishi yanafika kwa wakati, na giza la mpiga picha P. C. Sreeram hawakulipausha: uso wa mwigizaji Kamal Haasan unachomoza kivulini kama ulivyokusudiwa. Tena humo bosi wa Kitamili anatawala mtaa wa Bombay na bado anahitaji mkalimani wa Kihindi, kwa hiyo aliyeandaa diski hii alielewa. Kwa hii peke yake ningefika nyota tatu.

Kama bado unaitaka seti, mwambie muuzaji akurekodie sekunde kumi za wimbo wa kwanza wa Roja. Ukisikia "Chinna Chinna Aasai", hicho ni Kitamili, lipa. Ukisikia "Dil Hai Chhota Sa", hicho ni Kihindi, ndiyo hii hii. Muulize pia urefu wa filamu kwa dakika, siyo kwa "saa mbili na kitu".

Nimelisoma tena lile jibu la "bosi". Nyota moja. Nayakan siirudishi.